Utenzi wa Meli Iliyozama: Namna ya Kuusoma Ubeti kwa Ubeti

Visiwani Zanzibar, msiba wa baharini hauishii kwenye ripoti ya tume. Hutungiwa. MV Fatih ilipinduka bandarini Malindi, Unguja, mwezi wa Mei 2009. MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. MV Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, tarehe 18 Julai 2012. Mambo mazito kama haya, kwa Mswahili, makazi yake ya asili ni utenzi. Umbo hili limebeba vita na visa vya Mitume tangu zamani (Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728), na meli iliyojaa watu imeingia humo bila ya taabu.

Taabu iko kwa msomaji. Wapo wanaousoma utenzi wa maafa kama habari ya gazeti iliyotiwa vina, wakashika kila tarakimu na kila saa kuwa ni ushahidi. Wapo wanaousoma kama kilio tu, wakayapita majina ya pepo na sehemu za chombo bila kuyatazama. Wote wawili hukosa nusu. Utenzi wa namna hii hufanya kazi nne: hushuhudia, hulia, huomba na hulaumu. Tena hugeuza kazi bila kupiga hodi, pengine katikati ya ubeti mmoja. Ukitaka kuuelewa, kila kipande kiulize: wewe hapa unafanya kazi gani?

Beti saba zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi huu, kwa kanuni za kawaida za utenzi. Si sehemu ya utenzi wowote uliochapishwa.

Bismillahi Karima
Mwenye wingi wa rehema
Nijalie kwa salama
Nieleze ya moyoni

Usiku wa Jumamosi
Mwezi Mfunguo Mosi
Wavuma upepo kusi
Watu tele bandarini

Mchele ukapakiwa
Watu wakashindiliwa
Ruhusa ikatolewa
Chombo kikatoka pwani

Rasini tulipofika
Chombo kikababaika
Ubavu ukainuka
Wa pili umo majini

Mama kamshika mwana
Na mawimbi yagongana
Viganja vikaachana
Waweke Mola peponi

Walopatikana watu
Mia mbili na watatu
Hiyo ni hesabu yetu
Wengine wa kilindini

Beti saba zihesabu
Nimezipanga kwa tabu
Wafiwa wape thawabu
Na subira visiwani

Mifupa yake kwanza

Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kina hicho hubadilika ubeti hadi ubeti. Kipande cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Hicho watunzi wengi hukiita bahari, na kwa utenzi wa meli jina limekaa mahali pake. Hapa bahari ni "ni".

Mizani huhesabiwa kwa sauti, si kwa jicho. Herufi "m" inayosimama peke yake ni mzani kamili: m-che-le ni tatu. Lakini "mb", "nd" na "ng" huungana na irabu inayofuata, kwa hiyo cho-mbo ni mbili na ba-nda-ri-ni ni nne. "Kwa", "mwa" na "pwa" ni mzani mmoja mmoja. Bismillahi hutamkwa bi-s-mi-lla-hi, mizani tano, na ndiyo maana hukaa vizuri pamoja na Karima.

Anayetunga utenzi wa Spice Islander hukutana na kikwazo mapema, nacho ni jina lenyewe la meli. Spa-i-si ni tatu, A-i-la-nda ni nne. Jumla saba, pungufu moja. Ndipo mtunzi anapoandika "Sipaisi Ailanda", akapata nane. Huko kurefusha kunaitwa mazida, na si kwamba mtu hajui kuliandika jina la meli. Kinyume chake ni inkisari, kufupisha: "walopatikana" badala ya waliopatikana, "yagongana" badala ya yanagongana, "tabu" badala ya taabu, na "Mwezi Mfunguo Mosi" ambapo "wa" imeachwa njiani. Ukikuta neno limekatwa au limevutwa, hesabu mizani kabla ya kulisahihisha. Wanaochapa upya tungo hizi kwenye simu huzisahihisha sarufi kwa nia njema, wakaondoka na utenzi unaochechemea.

Soma vipande vya nne peke yake

Kabla ya kuingia ndani, shuka na safu ya mwisho ya kila ubeti: moyoni, bandarini, pwani, majini, peponi, kilindini, visiwani. Safari nzima imo. Imeanza kifuani mwa mtunzi, ikapita gatini, ikatoka pwani, ikafika majini, hapo ikagawika njia mbili, roho kwenda peponi na miili kwenda kilindini, kisha habari ikarudi kwa waliobaki nchi kavu.

Mtunzi akichagua bahari ya "ni" amejipa mahali. Neno lolote la mahali anaweza kulifungia ubeti. Angechagua "a", angekuwa na maneno mengi zaidi ya kuchezea, lakini ramani hii isingejichora yenyewe. Basi ukiupata utenzi wowote wa maafa, kabla ya kisa chenyewe itazame bahari: imemsaidia mtunzi kufanya nini, na imemzuia nini? Mimi nauhesabu huu kuwa ndio mtihani wa kwanza wa fundi. Mtunzi dhaifu hufika kipande cha nne akiwa amechoka, akajaza "jamani", "tamkeni", "sikizeni" ubeti baada ya ubeti. Neno la kuita wasikilizaji likija mara moja moja lina kazi yake, hasa utenzi unapoghaniwa mbele ya watu. Likija kila baada ya beti mbili, ni kiraka.

Usiku upi huo?

Ubeti wa pili ni wa ushahidi mtupu: siku, mwezi, upepo, mahali. Lakini umeandikwa kwa saa na kalenda ya Kiswahili, na hapo ndipo vijana wanapoteleza.

"Usiku wa Jumamosi" kwa hesabu ya Kiswahili ni usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi, kwa sababu siku huanza jua linapokuchwa. Yaani ni ule ambao gazeti litauita Ijumaa usiku. Spice Islander iliondoka Unguja Ijumaa tarehe 9 Septemba saa tatu usiku, ikazama baada ya saa sita, kukiwa tayari tarehe 10. Msomaji asiyejua hesabu hii ataona utenzi unasema Jumamosi na ripoti inasema Ijumaa, aseme mtunzi kakosea. Hajakosea yeyote. Kwa mazungumzo ya leo watu husema "usiku wa kuamkia Jumamosi" ili kuepusha utata, lakini maneno hayo ni marefu mno kwa kipande cha mizani 8.

Mfunguo Mosi ni Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwaka 2011 Idi iliangukia mwisho wa Agosti, kwa hiyo usiku ule ulikuwa wa mwezi kumi na moja au kumi na mbili, yaani tarehe za Mfunguo Mosi. Hapo mtunzi ametupa mambo mawili bila ya kuyataja. Moja ni msongamano: ni siku za watu kurejea makwao baada ya sikukuu. La pili ni mwezi wenyewe. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12 Septemba, hivyo usiku wa maafa mwezi ulikuwa mkubwa angani na haukuchwa hadi karibu na alfajiri. Bahari nayo ilikuwa inaelekea kwenye bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, na mikondo yake huwa na nguvu.

Sasa chukua utenzi wa tukio hilo unaosema "giza totoro". Una njia mbili za kuusoma. Ama kulitanda mawingu, na mtunzi atakuwa ameyataja mahali, ama giza hilo ni la kilio na si la anga. Njia ya pili haimvunjii mtunzi heshima, ila kipande hicho kitoke kwenye fungu la ushahidi kiwekwe kwenye fungu la maombolezo. Ukiwa na tarehe ya Kiislamu tu mkononi, unaweza kuupima utenzi mzima kwa namna hii, maana mwezi kumi na tano una mbalamwezi na mwezi ishirini na nane hauna, na bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Upepo nao hupimika. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati yake huja matlai na maleleji yasiyotabirika. Maafa ya Septemba yakitajiwa kaskazi, tazama kina cha ubeti huo. Mara nyingi utakuta "zi" mara tatu, nawe umeshajua upepo umegeuzwa na nani. Skagit ilizama Julai, kusi likiwa katika ukali wake, tena mchana. Utenzi wake una mawimbi mengi zaidi na usingizi mchache, na ndivyo unavyopaswa kuwa.

Nani kapakia?

Ubeti wa tatu ukisomwa haraka ni orodha ya mizigo. Usome tena utazame vitenzi: ukapakiwa, wakashindiliwa, ikatolewa. Kila tendo limetendwa, hakuna mtendaji. Mchele haukujipakia. Watu hawakujishindilia. Ruhusa ina mwenye kuitoa, na ruhusa ya chombo kuondoka gatini inafuata ukaguzi na orodha ya abiria. Halafu kipande cha nne kinakuja na kitenzi cha namna nyingine kabisa: "Chombo kikatoka pwani", kama kwamba kimeamua chenyewe.

Hii ndiyo lawama ya kipwani. Mtunzi hamtaji mtu, pengine kwa adabu, pengine kwa kuwa kesi iko mahakamani, pengine kwa sababu yeye na aliyetoa ruhusa wanasali msikiti mmoja. Lakini amepanga "-wa" tatu kwenye vina, mahali panaposikika zaidi, na msikilizaji wa Malindi au Wete anaijaza nafasi hiyo mwenyewe. Anayesema tenzi zetu ni za kulia tu na hazihoji, hajasikiliza vina.

Linganisha na ubeti wa nne. Vitenzi vya vina ni kufika, kubabaika, kuinuka: hali inayokipata chombo. Na wa tano una yagongana na vikaachana, matendo ya pande mbili. Watu waliopewa madaraka wamefichwa nyuma ya "-wa", chombo kimepewa "-ka", mawimbi na waliokufa wamepewa "-na". Si kila mtunzi hupanga hivi kwa makusudi, lakini sikio zuri hufika huko lenyewe.

Ubavu mmoja juu, mmoja majini

Hapa pana pa kukaa kidogo, kwa sababu ubeti wa nne una ufundi wa baharini ambao msomaji wa darasani huupita.

"Rasini" ni wapi, na kwa nini huko? Meli ikitoka Malindi kwenda Pemba hupanda na pwani ya magharibi ya Unguja, ikiipita Tumbatu. Mwendo wote huo kisiwa kinaikinga na kusi na mawimbi ya bahari kuu. Ikifika Ras Nungwi, kinga imekwisha. Mbele yake kuna mkondo mpana kati ya visiwa viwili vilivyoachana kiasi cha kilomita 50, na mawimbi yanayotoka mashariki hayana cha kuyazuia. Chombo kilichopakiwa vibaya kinaweza kwenda saa tatu kikiwa kimetulia, kikaja kuumbuka hapo. Ndiyo maana katika simulizi za njia hii rasi ndiyo mpaka: kabla yake watu wanazungumza, baada yake wanashika nguzo.

"Kikababaika." Chombo chenye uzito chini, karibu na mkuku, kikiinamishwa na wimbi hujirudi upesi, abiria huona kinatikisika, wakatapika, lakini kiko salama. Chombo chenye uzito juu, watu wamejaa sitaha za juu na magunia yamepangwa juu ya magunia, huinama taratibu, hukawia pale pale, kisha hurudi kwa uvivu. Kwa asiyejua, utulivu huo hupendeza. Kwa baharia ndio dalili mbaya kuliko zote. Kitenzi hiki kimeichukua hali hiyo vizuri kuliko "kikatikisika", ambacho kingekuwa na mizani ile ile lakini kingesema kinyume.

Baada ya hapo huja maji. Meli za kupakia magari zina sitaha pana iliyo wazi toka ubavu hadi ubavu. Maji kidogo yakiingia humo hayakai katikati. Jaza sinia maji ya kina cha kidole, ulibebe, utaona yanavyokimbilia upande unaoinama na kukuvuta mkono. Meli ikilala kidogo, maji yote huhamia upande huo, nao huzidi kulala. Magunia yakaporomoka huko huko. Watu nao, wakiona upande mmoja unazama, hukimbia kwa pamoja, na uzito wao ukahama kwa mara moja. Kila kimoja peke yake pengine kingestahimilika. Vikikutana, "ubavu ukainuka, wa pili umo majini", na angalia kwamba mtunzi hakutumia "ukazama" wala "ukaingia" bali "umo": ulipotazamwa ulikuwa umeshafika.

Kuna tofauti pia ya kuzama na kupinduka, na tenzi nzuri huishika. Meli inayozama kwa kujaa maji hushuka, na huenda ikatoa muda wa kugawa majaketi ya kuokolea. Inayopinduka huwageuza waliomo ndani chini juu, milango ikawa dari, taa zikazimika. Beti zinazosimulia watu wakiogelea kuelekea chini ili watoke nje si chumvi ya mtunzi. Na waliookoka wakitajwa kushikilia magodoro na majokofu, kama ilivyosimuliwa na waliopona mwaka 2011, huo ni ushahidi wa mizigo: hivyo ndivyo vitu vilivyokuwa vinakwenda Pemba.

Utakutana na msamiati wa majahazi ndani ya meli ya chuma: omo kwa mbele, tezi kwa nyuma, ngama kwa sehemu ya chini kabisa maji yanapokusanyika, joshi kwa upande unaopokea upepo na demani kwa upande wa pili. Mtunzi wa visiwani hana haja ya maneno mengine. "Maji yakajaa ngama" maana yake maji yamefika chini pasipoonekana na abiria, na nahodha ndiye anayepaswa kujua kwanza.

Tarakimu na mizani

"Mia mbili na watatu" ina mizani 8 kamili. Na 203 ndiyo idadi ya maiti waliopatikana katika ajali ya Spice Islander. Hapo hesabu na mizani vimekubaliana, bahati ambayo haimtokei mtunzi kila siku.

Mara nyingi hazikubaliani. "Elfu mbili na mia tano", "elfu" ikihesabiwa mbili, ni mizani 9. Mtunzi ataitoa "na" abaki na "elfu mbili mia tano", na hapo hakuna kilichoharibika. Lakini ikiwa idadi ni 2,470, jaribu kuitia kwenye kipande kimoja: haiingii. Ama aigawe vipande viwili ama aikadirie. Wengi hukadiria. Kwa hiyo tarakimu ya mviringo ndani ya utenzi isichukuliwe kuwa ndiyo aliyoiamini mtunzi. Pengine ndiyo iliyoingia mlangoni. Ile isiyo ya mviringo, kama 203, ina uzito zaidi, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuitafutia nafasi tarakimu ya namna hiyo bila ya sababu.

Na idadi katika ajali ile ilikuwa ugomvi wenyewe. Uwezo wa meli ulioandikwa haukufika abiria 700. Hesabu za siku za mwanzo zilikuwa ndogo, kisha tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaeleza kuwa waliokuwamo walizidi 2,000, na ikataja kupakia kupita kiasi kuwa chanzo. Ukijua hayo, kipande cha "Hiyo ni hesabu yetu" hakisomeki tena kama cha kujazia ubeti. Yetu, si yao. Nani anahesabu? Wanaokwenda viwanja vya Maisara, mjini Unguja, kutambua maiti wana hesabu yao, ofisi ina yake, na mtunzi amechagua upande wa kusimama kwa neno la mizani miwili. Halafu "wengine wa kilindini", bila ya tarakimu yoyote, maana kwa hao hana hesabu ya kutoa.

Kadari haifuti lawama

Kosa kubwa la wasomaji wa nje ya visiwa, na la baadhi ya wa ndani, ni kuona "Mola kakadiria" wakahitimisha kwamba mtunzi amewasamehe waliojaza meli. Katika itikadi ya mtunzi mambo hayo mawili hayagombani. Ajali ni kadari ya Mungu, na aliyepakia kupita kiasi ataulizwa, duniani na akhera. Tazama mpangilio: kadari na dua hukaa karibu na waliokufa, lawama hukaa karibu na gati. Haziingiliani. Ukiikuta kadari imewekwa kwenye beti za bandarini, hapo kweli uliza maswali, kwani mtunzi anaweza kuwa anamkinga mtu.

Neno "mashahidi" likitumiwa kwa waliozama, linatoka kwenye Hadithi inayomhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Ni daraja ya kidini, na ni liwazo la wafiwa. Vivyo hivyo tenzi hizi zinapotaja sala ya ghaibu, ni sala ya jeneza anayosaliwa maiti asiyekuwepo, inayokubalika kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya wengi hapa. Na ukisoma ubeti wa mke asiyejua kama aingie eda au la, usiuone ni wa kutafutia machozi. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, lakini inaanza kwa kifo kilichothibiti. Mume aliyepotea baharini bila ya maiti ni shauri la kadhi. Ubeti kama huo unaeleza jambo la kisheria lililowakabili watu wengi kwa mara moja.

Ubeti wa tano wa mfano wetu unaonyesha mgeuko wa kazi. Vipande vitatu vinalia, cha nne kinaomba, bila hata "basi" katikati. Mama na mwana ni picha ya jadi ya tungo za maafa. Usimtafute mama huyo kwa jina. Lakini "viganja vikaachana" ina hukumu ya huruma ndani yake. Hakuna aliyemwachia mwenziwe. Viganja ndivyo vilivyoachana.

"Sisi" ni nani?

"Rasini tulipofika" haithibitishi kwamba mtunzi alikuwamo melini. Katika beti hizi saba mna nafsi tatu. Ya "nieleze" na "nimezipanga" ni mtunzi, aliyeketi na kalamu nchi kavu. Ya "tulipofika" ni ya abiria, aliyoiazima kutoka kwa walionusurika. Ya "hesabu yetu" ni ya watu wa visiwani wote. Mtunzi makini huonyesha pale anapoazima sauti, kwa ubeti kama wa "kanambia aliyepona". Asiyeonyesha humwachia msomaji kazi. Ukitaka kulitumia simulizi la utenzi kama chanzo cha historia, tenga kwanza nafsi hizi kwa kalamu za rangi tatu, ndipo uanze kunukuu.

Hata anayeambiwa hubadilika. "Beti saba zihesabu" ni amri kwako msomaji. "Wafiwa wape thawabu" ni ombi kwa Mungu, na Mungu hakutajwa. Ameeleweka kwa aina ya ombi. Katika kughani, mghani mzuri hushusha sauti baina ya vipande hivyo viwili, na hapo hata asiyejua kanuni husikia kwamba mlango umefunguliwa mwingine.

Nakala iliyokatwa

Tenzi hizi husafiri kwa mdomo, kwa redio na sasa kwa simu, na njiani hupoteza beti au kuokota nyingine. Tamati ndiyo inayomlinda mtunzi. Ikitaja idadi, hesabu. Kama inasema beti saba nawe unazo tisa, tafuta mbili zilizoingizwa. Anza na zile ambazo kipande chake cha nne hakiishii kwa bahari ya utenzi, kisha zile zenye mizani 7 au 9, kisha zile zinazotaja jina la mtu pale ambapo utenzi mzima umelificha. Hizo za mwisho ndizo zinazopenda kuongezwa na mwenye hasira baada ya mtunzi kuondoka. Zilizopungua ni vigumu zaidi kuzikamata. Kwa mfano wetu, ukiondoa ubeti wa tatu safari haikatiki: watu wapo bandarini, kisha wako rasini. Kinachopotea ni gati, mchele na ruhusa, na utenzi unabaki na upepo peke yake kuwa ndio uliozamisha meli.